Mlango wa Jumba la Mwezi



Nilipoombwa kuzungumzia jengo refu la kisasa, rafiki zangu walidhani ningeleta habari za Burj Khalifa ya Dubai, au za majengo ya vioo ya katikati ya London ambayo kila mgeni huyapiga picha. Nimechagua jengo la ghorofa 20 tu. Liko Croydon, mji ulio kusini mwa London, kando ya barabara iitwayo Wellesley Road. Jina lake ni Lunar House, kwa lugha yetu Jumba la Mwezi. Wageni hawalifuati kwa uzuri wake, na sidhani kama yupo mwanafunzi wa usanifu majengo humu aliyewahi kulichora. Lakini nikiuliza nani kati yenu ana ndugu, rafiki au jirani aliyewahi kusimama mbele ya mlango wa jengo hilo, mikono itanyanyuka, na itakuwa ya watu wa Unguja na Pemba, wa Mombasa, wa Lamu, wa Kismayu, wa Bujumbura, wa Bukavu. Humo ndimo ilimo idara ya Uingereza inayoshughulikia viza, ukaazi na maombi ya hifadhi ya ukimbizi.

Neno langu la leo ni moja. Jengo refu hupimwa chini, mlangoni, pale anaposimama mtu ambaye bado hajaruhusiwa kuingia.

Kwanza tuufahamu mji. Croydon ni mji wa kale. Maaskofu wakuu wa Canterbury walikuwa na kasri lao pale kwa karne nyingi, na mmoja wao, John Whitgift, alijenga nyumba ya kutunzia wazee wasio na uwezo. Kazi ilianza 1596 ikamalizika 1599. Nyumba hiyo ya matofali mekundu ingalipo katikati kabisa ya mji, na wazee wangali wanaishi ndani yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilinusurika kubomolewa ili barabara ipanuliwe. Mwaka 1923 Baraza la Malodi liliingilia kati ikapona. Iwekeni akilini, nitairudia.

Kisha Croydon ulikuwa mlango wa Uingereza hata kabla Jumba la Mwezi halijafikiriwa. Kuanzia 1920 uwanja mkuu wa ndege wa London ulikuwa hapo, na jengo lake la abiria la mwaka 1928 lipo hadi leo. Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya shirika la Imperial Airways iliruka kutoka Croydon kufungua njia ya Afrika, na kwa wakati ule mwisho wa njia hiyo ulikuwa Mwanza. Ndiyo, Mwanza yetu. Barua zilitoka Croydon, zikapita Misri na Sudan kwa kubadili vyombo njiani, zikagusa Kisumu, zikaishia Mwanza, ufukoni mwa ziwa. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town, na Mwanza haikuwa tena mwisho wake. Uwanja wa Croydon ulifungwa 1959. Huwa nafurahi kuwaambia watu wa Kanda ya Ziwa habari hii, kwa sababu wengi wao huijua Croydon kwa foleni tu, na hawajui kwamba mji huo uliwahi kuwapelekea barua kwa ndege walipokuwa hai babu zao.

Uwanja ulipofungwa, mji ulikuwa umeshajitafutia kazi nyingine. Mwaka 1956 Bunge lilipitisha sheria mahsusi kwa ajili ya Croydon, ikaipa halmashauri uwezo wa kununua ardhi ya katikati, kupanua barabara na kuupanga mji upya. Wakubwa wa mji hawakutaka Croydon ibaki mahali pa kulala watu wanaofanya kazi London. Wakati nao ukawapendelea. Serikali ilikuwa imechoshwa na msongamano wa London: mwaka 1963 iliunda ofisi maalumu ya kuyashawishi makampuni yahamie nje, na matangazo yake yalibandikwa hadi kwenye reli ya chini ya ardhi, na Novemba 1964 waziri George Brown akatangaza marufuku ya kujenga ofisi mpya London pasipo kibali maalumu cha serikali. Aliyekuwa tayari na ruhusa mkononi, na kiwanja karibu na stesheni, akawa ameshika dhahabu. Na kutoka East Croydon hadi Victoria kwa treni ni kama robo saa.

Basi ndani ya miaka michache mji uliokuwa wa maduka ya ghorofa mbili na nyumba za matofali ukaota minara. Mwaka 1964 lilikamilika St George's House, ghorofa 24, likawa makao ya kampuni ya Nestlé nchini Uingereza. Halmashauri nayo ikajijengea la kwake, Taberner House, ghorofa 19. Msanifu Richard Seifert akaweka karibu na stesheni mnara wa ghorofa 24 uliomalizika 1970, kila sakafu imezungushwa kidogo juu ya mwenzake hata pembe zikachomoza kama meno; wenyeji wakaupa jina la sarafu yao ya zamani ya peni tatu, iliyokuwa na pembe. Huo kwa macho yangu ndio ulio mzuri kuliko yote ya pale. Mwaka huohuo wa 1970 likamalizika Lunar House, na pacha wake Apollo House pembeni.

Majina hayo hayahitaji maelezo marefu. Chombo cha Apollo 11 kilikuwa kimetua mwezini tarehe 20 Julai 1969, na dunia nzima ilikuwa ikiangalia juu. Waliojenga waliangalia juu pia. Nawaelewa. Mimi mwenyewe nilikulia katika nyumba ambamo habari ya watu kutembea mwezini ilisimuliwa kama hadithi ya jirani. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba kuangalia juu kunatosha.

Sasa niwaombe wasiokuwa mafundi wanivumilie kidogo, kwa maana jengo la namna hii haliwezi kueleweka bila kulifungua tumbo. Mnara wa ofisi wa miaka ile ni fremu ya zege yenye nondo: nguzo, mihimili na sakafu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kuta za nje hazibebi kitu. Ni nguo iliyovalishwa fremu, vioo na vipande vya zege vilivyomwagwa kwingine na kuletwa kupachikwa. Katikati au ubavuni kuna kiini kigumu kinachobeba lifti, ngazi, vyoo na mabomba, na ndicho kinacholizuia jengo lisiyumbe kwa upepo. Kila ghorofa inayoongezwa juu hudai nafasi zaidi ndani ya kiini hicho, kwa sababu wafanyakazi wote hufika karibu kwa wakati mmoja na wote wanataka lifti. Kwa hiyo urefu unajila wenyewe: mtu akipanda mno anajikuta analipia lifti zaidi kuliko meza. Na majengo mengi ya wakati ule yalifanywa membamba, bapa kama kitabu kilichosimamishwa, ili mwanga wa dirishani uifikie kila meza.

Umbo hilo bapa lina gharama yake, na anayeilipa ni mpita njia. Upepo ukigonga ukuta mpana uliosimama peke yake, sehemu yake hupanda, sehemu huzunguka ubavuni, na sehemu kubwa huteremka kwa nguvu hadi chini. Wataalamu wa Uingereza walilijua hilo kwa mara ya kwanza kwa uchungu, na Croydon ni moja ya mahali walipojifunzia. Kulikuwa na njia ya maduka, St George's Walk, chini ya jengo lile la Nestlé. Upepo ulioteremka kutoka juu uliwasumbua wanunuzi kiasi kwamba njia hiyo ilibidi iezekwe. Jengo lilichorwa likiwa jema, maduka yalichorwa yakiwa mema, na hakuna aliyechora kilicho kati yao. Wanafunzi, mkisahau kila nitakachosema leo, kumbukeni upepo wa St George's Walk.

Kuna jambo la pili lililo kubwa kuliko upepo. Mengi ya majengo haya yalijengwa na wafanyabiashara bila kujua nani atapanga ndani yake. Mjenzi alikopa, akajenga, akasubiri mpangaji. Jengo la namna hiyo halina budi kumfaa yeyote: kampuni ya bima, kiwanda cha chokoleti, wizara. Ghorofa zote zinafanana. Chini panaachwa ukumbi mdogo wenye meza ya mpokezi, kwa kuwa inadhaniwa watakaoingia ni wafanyakazi wenye vitambulisho na wageni wachache walioalikwa kwa simu. Mlango unachorwa kwa watu wanaotarajiwa.

Katika jengo la sampuli hiyo ikaingia Wizara ya Mambo ya Ndani na idara yake ya uhamiaji, na milango ile ikakutana na watu wasiotarajiwa.

Nataka mkae hapa nami kwa muda, kwa sababu ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Kwa miaka mingi mtu aliyekuwa tayari ndani ya Uingereza na anayetaka kuomba hifadhi kwa kawaida alitakiwa afike Croydon mwenyewe. Akiwa analala kwa jamaa kule Newcastle, alipanda basi la usiku. Akishafika anapekuliwa, anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anaulizwa jina, uraia, njia aliyopitia na sababu kwa kifupi. Mahojiano marefu huja baadaye sana. Mbali na hao walikuwapo wanafunzi wa kuongeza muda wa viza, wake waliofuata waume na waume waliofuata wake, wazee waliohitaji muhuri mpya kwenye pasi mpya. Wote hao, kwenye mlango uliochorwa kwa wenye vitambulisho. Jengo halikuwa na pa kuwaweka. Likawaweka nje, kando ya Wellesley Road.

Na Wellesley Road ni barabara gani? Katika ule upangaji upya iligeuzwa njia pana ya magari yaendayo kasi, yenye handaki la kupita chini, na waenda kwa miguu wakapewa vichochoro vya chini ya ardhi ili wasiyacheleweshe magari. Hapo ndipo foleni ilipojipanga: ubavu mmoja ukuta wa mita nyingi unaoteremsha upepo, ubavu wa pili magari. Katikati ya miaka ya 2000 umoja wa raia uitwao South London Citizens, wenye makanisa, misikiti, shule na vyama vya wafanyakazi ndani yake, uliendesha uchunguzi wao kuhusu jengo hilo. Walifanya jambo la busara: waliwasikiliza waliopanga foleni, wakawasikiliza na watumishi wa ndani. Saa za kusubiri mvuani, watoto, kukosa choo, kukosa pa kukaa. Hayo ni malalamiko ya usanifu majengo, ndugu zangu, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Hakuna sheria ya uhamiaji, iwe kali iwe laini, inayomzuia msanifu kuweka benchi na paa.

Nasisitiza hili kwa kuwa nimelisikia likijibiwa mara nyingi kwamba jengo halina hatia, sera ndiyo yenye hatia. Nakubali sera ina sehemu yake kubwa. Sheria ya 1968 iliyopitishwa haraka kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Uingereza haikuandikwa na msanifu. Wala muda ambao mwomba hifadhi husubiri jibu bila ruhusa ya kufanya kazi haukuamuliwa na msanifu. Hata hivyo sera hubadilika kila serikali ikibadilika, na mlango hubaki palepale miaka 50. Waziri mwema aliyeingia akitaka watu wapokelewe vizuri angekuta ukumbi uleule mdogo.

Katika lugha yetu neno mwezi lina maana mbili: ule wa mbinguni, na siku 29 au 30 za kuhesabu. Waingereza walilipa jengo lile jina la mwezi wa kwanza. Waliosubiri majibu kutoka humo waliujua mwezi wa pili, wakauhesabu, wengi wao zaidi ya 12.

Kati ya waliosubiri wako waliobeba Kiswahili kwa namna ya pekee. Mtakumbuka kwamba baada ya dola ya Somalia kuvunjika mwaka 1991, Wabajuni wa visiwa vya Chula, Chovai, Koyama na vinginevyo walishambuliwa na kuporwa, wakakimbilia pwani ya Kenya kwa majahazi. Wengine wakaishi kambini karibu na Mombasa, na baadhi wakafika Uingereza. Lugha yao ni Kibajuni, lahaja ya Kiswahili cha kaskazini. Kabila hilohilo linaishi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Somalia. Hivyo swali la afisa likawa: wewe ni Mbajuni wa upande gani? Mwenye kutoka Somalia aweza kupewa hifadhi. Mwenye kutoka Kenya, hapana. Kibajuni kikawa ushahidi. Watu walirekodiwa wakizungumza, sauti zikapelekwa kwa wachambuzi, mabaraza ya rufaa ya Uingereza yakaandika hukumu zinazojadili nani anapaswa kukijua Kibajuni na kwa kiasi gani. Fikirieni kijana aliyebebwa Mombasa akiwa mtoto mchanga, akakua akisema Kimvita na wenzake mtaani. Ulimi wake unasema Mombasa, nyumba ya babu yake ilichomwa kisiwani. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu kuhusu ripoti hizo za lugha, katika mashauri ya watu waliosema wametoka Somalia: ikaruhusu zitumike, lakini ikaonya kwamba mchambuzi wa lugha asivuke mipaka ya ujuzi wake.

Kwa nini naileta habari ya lahaja katika mhadhara wa majengo? Kwa sababu mahojiano yale ya kwanza hufanyika mahali. Mtu anaulizwa mambo ambayo hajawahi kumwambia hata mama yake, na anayaeleza kupitia kwa mkalimani, huku akisikia mwenzake wa jirani akiulizwa yake. Ukubwa wa chumba, umbali kati ya dirisha na dirisha, ukuta unaozuia au usiozuia sauti: vitu hivi huamua kama ukweli utasemwa. Mchoraji wa sakafu ya ofisi aliyedhani anagawa nafasi kwa ajili ya makarani wa bima alikuwa, bila kujua, akigawa nafasi ya ungamo.

Nije kwenye karatasi. Ofisi, kabla ya kuwa na kompyuta, ilikuwa ghala la karatasi lenye watu wanaozihamisha. Jengo refu la ofisi lilikuwa kabati la mafaili la ghorofa 20. Idara hii ilihitaji mafaili mengi mno, na haikuenea katika jengo moja. Ilisambaa katika majengo mengine ya Croydon, likiwemo lililokuwa juu ya maduka ya Whitgift Centre. Katika ghala la chini la jengo hilo zilihifadhiwa kadi za kuwasili za watu waliofika Uingereza kwa meli miongo mingi iliyopita, wengi wao kutoka Karibi. Mwaka 2010 idara ilipohama kutoka hapo, kadi zile ziliteketezwa. Zilionekana karatasi kuukuu zinazokula nafasi. Miaka michache baadaye sheria mpya zikamtaka kila mtu athibitishe tangu lini yupo nchini, na wazee waliokuja wakiwa watoto, waliolipa kodi maisha yao yote, wakaambiwa hawana ushahidi. Wako waliofukuzwa kazi, waliokataliwa matibabu, waliowekwa kizuizini, na waliorudishwa visiwani. Mwaka 2018 habari ikalipuka kwa jina la Windrush, jina la meli iliyofika 1948, na tarehe 29 Aprili waziri Amber Rudd akajiuzulu.

Mimi husoma tukio hilo kama mtu wa majengo. Jengo la kupanga halina kumbukumbu. Mkataba wa pango ukiisha, kilicho ghalani lazima kihame au kife. Serikali iliyoweka kumbukumbu za maisha ya watu katika ghala la kukodi, juu yake kukiwa na maduka ya viatu, ilikuwa imeshaamua zamani uzito wa kumbukumbu hizo.

Majengo mengine ya kundi lile yameishia wapi? Nestlé iliondoka 2012 na mnara wake ukabaki mtupu. Taberner House ilibomolewa katika 2014 na 2015, nyumba za kuishi zikajengwa mahali pake. Halmashauri yenyewe, iliyokuwa na ndoto kubwa kuliko zote, Novemba 2020 ilitoa tangazo rasmi kwamba haiwezi kuoanisha mapato na matumizi yake. Na tangu Mei 2013 kanuni za Uingereza ziliruhusu ofisi zigeuzwe nyumba bila kuomba kibali kamili cha mipango miji. Kanuni hiyo ilifanya madhara makubwa. Kule Harlow, mji mwingine wa Kiingereza, mnara wa ofisi wa ghorofa 14 uitwao Terminus House ulikatwakatwa ukawa makumi kwa makumi ya vijumba, na halmashauri za London zikazihamishia humo familia zisizo na makazi. Familia nzima katika chumba kimoja, katika jengo ambalo sakafu yake ilipimwa kwa ajili ya meza na mashine za chapa. Ilichukua hadi Aprili 2021 ndipo nyumba za namna hiyo zikalazimishwa kufuata kipimo cha taifa, mita za mraba 37 kwa mtu mmoja. Miaka minane. Watoto waliozaliwa siku kanuni ilipoanza walikuwa darasani.

Lunar House halijaguswa na hayo. Limeokolewa na mpangaji wake, kwa maana serikali haifilisiki kama kampuni ya chokoleti na haihami upesi. Lakini kazi zake zinalitoka. Tangu mwishoni mwa 2018 wengi wa wenye viza hupelekwa vituo vinavyoendeshwa na makampuni, na mwisho wa 2024 kadi za ukaazi za plastiki zilifikia ukomo, hadhi ya mtu ikawa kumbukumbu ndani ya kompyuta anayoifungua kwa simu. Mlangoni wamebaki zaidi wale wasio na chochote cha kufungua, waomba hifadhi. Jengo linazidi kuwa lao, na wao ndio ambao halikuchorwa kwa ajili yao.

Niliahidi kuirudia nyumba ya wazee ya Askofu Whitgift. Ukitoka Wellesley Road unaifikia kwa miguu baada ya dakika chache. Haifiki hata urefu wa mti mrefu. Unaingia kwa lango la upinde, na ndani kuna ua wenye majani, na milango ya wazee inautazama ua huo. Aliyeichora alijua nani anakuja: mtu mzee, aliyechoka, asiye na fedha. Alimjengea mahali pa kusimama pasipo upepo. Miaka 400 na zaidi imepita na bado inafanya kazi ileile kwa watu walewale. Sijui jengo lolote la ofisi katika mji ule litakaloweza kusema hivyo.

Nasi tunalo la kwetu. Nyumba ya mawe ya Lamu haianzi na chumba, inaanza na daka: kibaraza chenye paa, viti vya mawe kushoto na kulia, nje ya mlango mkubwa. Anayesema hodi na hajajibiwa ana mahali pa kukaa, kivulini, bila kuwa ameingia na bila kuwa amefukuzwa. Mwenye nyumba ana haki yake yote ya kumfungulia au kutomfungulia. Lakini wakati anaamua, mgeni ameketi. Katika usanifu wote niliosoma sijaona jibu bora kwa tatizo la Wellesley Road, na si jibu la gharama: ni mawe mawili na kipande cha paa.

Wanafunzi, najua muhula huu mna zoezi la kuchora jengo la ofisi za serikali la ghorofa 12. Najua pia kwamba baadhi yenu mmeshaanza na sura ya mbele, vioo na rangi, kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye karatasi. Nawaomba mzigeuze karatasi hizo. Chukueni mpya, chini kabisa mchore mama mwenye mtoto mgongoni aliyefika saa kumi na mbili asubuhi kwa shida ya cheti, na ofisi inafunguliwa saa mbili. Mwekeeni kiti, kivuli, maji na choo. Mkishamaliza kumpangia yeye, pandeni juu ghorofa ya kwanza.